Kamera ya Mfukoni: Chagua Ile Utakayotembea Nayo

Mwaka 2010 watengenezaji wa kamera wa Japani walipeleka sokoni zaidi ya kamera ndogo milioni 100 za dijitali, zile ambazo lenzi yake haibanduki. Mwaka 2023 idadi hiyo haikufika milioni mbili. Simu ndizo zilizozifuta. Zilizobaki ni chache, nyingi ni ghali, na kila moja imebaki kwa sababu yake. Anayetaka kununua leo aijue kwanza sababu hiyo, asije akalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho tayari anacho kwenye simu yake.

Hata hivyo naamini kamera ndogo ina kazi kubwa katika familia zetu. Tazama picha za zamani zilizopo nyumbani. Nyingi zilipigwa studio. Wazee wetu walivaa nguo za sikukuu wakaenda kwa mpigapicha, kama wakazi wa Unguja walivyokuwa wakienda Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha hizo ni hazina. Lakini mama akipepeta mchele, babu akifunga redio yake kwa uzi, watoto wakitoka madrasa na vitabu kwapani: hayo hayakupigwa, kwa sababu kamera haikuwepo pale yalipotokea. Kamera ya kila siku ni ya kuziba pengo hilo. Simu inaliziba kwa sehemu, lakini jioni giza linapoingia hupata shida na watoto wasiotulia, na kila unapoitoa mfukoni inakuja na ujumbe na miito inayokuondoa kwenye jambo lililo mbele yako.

Kwa kuwa kazi yake ni hiyo, ushauri wangu wote unasimama juu ya mpangilio mmoja. Kwanza uliza kama utaibeba. Pili uliza kama itaamka haraka. Tatu uliza kama itaona kwenye mwanga hafifu. Megapikseli na uwezo wa kuvuta vilivyo mbali, mambo ambayo muuzaji atakutajia mwanzo, yaje mwisho.

Anza na mfuko

Kamera iliyoachwa nyumbani haipigi picha, hata ingekuwa bora kuliko zote. Kwa hiyo kabla ya kusoma sifa za kamera yoyote, amua itakaa wapi mwilini mwako siku ya kawaida ya kazi. Anayevaa suruali yenye mifuko mipana ana nafasi yake, anayevaa kanzu ana nafasi yake, na anayebeba mkoba ana nafasi yake. Anayepanda bodaboda au daladala iliyojaa afikirie pia wezi na misukosuko.

Ricoh GR III, iliyotoka mwaka 2019, ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi, na unene wake ni kama sentimita tatu. Inaingia mfuko wa suruali. Sony RX100 VII na Canon G7 X Mark III, za mwaka huohuo, zina takriban gramu 300 kila moja. Zinaingia mfukoni, ila utazihisi. Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 ina gramu 521, na hiyo inataka mkoba au mkanda wa begani. Ni kamera nzuri sana, lakini usijidanganye kwamba ni ya mfukoni. Kama hupendi kutembea na kitu kinachoning'inia begani, itabaki kabatini.

Jaribu hivi kabla ya kununua: tafuta kitu chenye uzito na ukubwa kama wa kamera unayoitamani, labda pakiti ndogo ya sukari ya robo kilo au nusu kilo, utembee nacho wiki nzima kila uendako. Ukikisahau nyumbani au kikikuudhi, umepata jibu bila kutoa hata senti.

Sensa ndiyo inayotenganisha kamera na simu

Sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ukubwa wake una uzito kuliko idadi ya megapikseli, kwa sababu sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi, na picha ya jioni inatoka safi bila chengachenga.

Kwa kamera ndogo kuna madaraja matatu ya kukumbuka. La chini ni sensa iitwayo 1/2.3, yenye eneo la takriban milimita za mraba 28. Hii ndiyo iliyojaa kwenye kamera za bei ya chini na zile zenye lenzi ya kuvuta mbali sana. La kati ni sensa iitwayo ya inchi moja. Usilichukue jina hilo kama kipimo: sensa yenyewe ni milimita 13.2 kwa 8.8, yaani milimita za mraba 116, mara nne ya ile ya kwanza. La juu kwa kamera ndogo zilizo nyingi ni APS-C, yenye takriban milimita za mraba 366, mara kumi na tatu ya ile ya chini. Ricoh GR III na Fujifilm X100VI zina sensa hii kubwa. Sony RX100 na Canon G7 X zina ile ya inchi moja.

Kutokana na hapo ushauri wangu ni huu: kama una simu nzuri ya miaka ya karibuni, usinunue kamera ya kawaida yenye sensa ya 1/2.3 ukitarajia picha bora. Sensa kuu ya simu yako huenda ni kubwa kuliko hiyo, na programu ya simu inasafisha picha kwa ustadi. Kamera ya daraja hilo inafaa kwa sababu mbili tu: kuvuta vilivyo mbali mno, au kuingia majini.

Megapikseli zisikusumbue. Picha ya megapikseli 12 inachapishwa vizuri kwa upana wa sentimita 34, na ya megapikseli 24 kwa upana wa sentimita 50. Ni wachache wenye picha za ukubwa huo ukutani.

Lenzi: isiyovuta au ya kuvuta?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotelea. Lenzi ya kuvuta inaonekana kuwa na faida zaidi, kwani inakupa karibu na mbali kwa pamoja. Lakini angalia tundu la lenzi, ile namba inayoanza na f. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaoingia ni mwingi. Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, ina f/1.8 ikiwa pana, lakini ukiivuta mpaka mwisho inashuka hadi f/4.9. Hapo mwanga unaoingia unabaki takriban moja ya saba. Kwenye sherehe ya usiku ukumbini, hiyo ni tofauti kati ya sura inayotambulika na sura iliyotikisika. Canon G7 X Mark III inashuka kutoka f/1.8 hadi f/2.8 tu, ingawa nayo inafika mbali vilevile, hivyo kwa anayepiga ndani ya nyumba ni chaguo bora zaidi.

Lenzi isiyovuta inakulazimisha kusogea kwa miguu, na kwa picha za maisha ya kila siku hilo linasaidia. Unalijua umbo la picha kabla hujainua mkono. Ricoh GR III inaona kwa upana wa milimita 28 kwa vipimo vya filamu ya zamani: inatosha chumba, uchochoro, familia nzima kwenye mkeka. Ndugu yake GR IIIx ya mwaka 2021 inaona kwa milimita 40, inayofaa zaidi sura za watu. Fujifilm X100VI iko katikati, milimita 35. Kama unapenda kupiga mtu mmoja au wawili, chukua 40. Kama unapenda mtu pamoja na mahali alipo, chukua 28. Kama huna uhakika, pitia picha zako mia za mwisho kwenye simu, uone ni mara ngapi ulivuta na ni mara ngapi ulirudi nyuma.

Jua letu na ngozi zetu

Jambo hili halipewi nafasi ya kutosha na wanaoandika kuhusu kamera, ilhali kwetu ni la msingi. Kamera inapopima mwanga haijui inatazama nini. Inachukulia kwamba ulichoelekeza lenzi kina mng'ao wa wastani, kama rangi ya kijivu. Mpige bibi mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe wa chokaa saa sita mchana: kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wa bibi utazama gizani. Mpige kwa karibu sana, uso ukijaa picha yote, nayo itafanya kinyume: itaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi itapauka.

Dawa yake ni kitufe au gurudumu lenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mbele ya ukuta mweupe, anga angavu au kanzu nyeupe, panda hadi +0.7 au +1. Uso mweusi ukijaza picha, shuka kidogo chini ya sifuri. Hili linafanyika kila siku, mara nyingi kwa siku, kwa hiyo chagua kamera ambayo kitufe hicho unakifikia kwa kidole gumba bila kuingia kwenye menyu. Ukiwa dukani, ishike kwa mkono mmoja, mwombe muuzaji asimame mlangoni mwanga ukiwa nyuma yake, ujaribu kuung'arisha uso wake. Kama imekuchukua muda mrefu, kamera hiyo haitakufaa mitaani.

Hakikisha pia kamera inahifadhi faili la RAW, yaani picha mbichi yenye taarifa zote za mwanga. Uso uliozama kidogo unaweza kuokolewa baadaye kutoka kwenye faili hilo, wakati JPEG ya kawaida huharibika haraka.

Iamke kabla tukio halijapita

Mtoto hacheki mara mbili kwa namna ileile. Kamera ya kila siku iwe tayari kabla hujamaliza kuinua mkono. Washa kamera dukani mara kadhaa, uangalie muda inaochukua lenzi kutoka na fokasi kutulia.

Kamera za ukoo wa GR zimejengwa kwa ajili ya hili. Zilianza na kamera ya filamu mwaka 1996, na mpigapicha wa Kijapani Daido Moriyama amepita nazo mitaa ya Tokyo kwa miaka mingi. Zina uwezo wa kuiweka fokasi umbali ulioupanga mwenyewe mapema. Ukiweka mita mbili na tundu la f/8, kila kitu kuanzia takriban mita moja hadi zaidi ya mita 15 kitakuwa kimekolea, na picha inapigwa papo hapo bila kamera kutafuta. Mchana wa jua, kwa mtu anayetembea Kariakoo au Marikiti, mpango huo unashinda mifumo mingi ya kisasa.

Vumbi, chumvi na jasho

Mazingira yetu si rafiki kwa kamera. Lenzi inayotoka na kurudi huvuta hewa ndani, na hewa ya barabara ya vumbi ina mchanga. GR III yenyewe inajulikana miongoni mwa wenye nayo kwa kuingiza vumbi hadi kwenye sensa. Iweke ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa kabla ya kuitia mfukoni, na safisha mfuko huo mara kwa mara, kwa sababu nyuzi za suruali nazo ni vumbi. Fujifilm X100VI inahimili manyunyu, lakini pale tu unapoifunga pete na kioo cha kinga mbele ya lenzi, na vitu hivyo viwili hununuliwa kando.

Mwambao una adui mwingine, nao ni unyevu. Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu, kamera iliyofungiwa kabatini ndani ya kasha la ngozi huota kuvu kwenye lenzi, na kuvu likishika, kulitoa ni kazi ya fundi. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu, na uitumie mara nyingi. Kamera inayotumika haioti kuvu kirahisi.

Kama kazi yako ni ya majini au matopeni, usihangaike na hizi nilizotaja. Nunua OM System TG-7 ya mwaka 2023, au mtangulizi wake Olympus TG-6. Zinazama hadi mita 15 bila kasha. Sensa yake ni ile ndogo, lakini zinapiga vitu vilivyo sentimita moja tu kutoka kwenye lenzi. Mvuvi na mwongoza watalii watazipenda, na kwa bwana shamba anayetaka kuonyesha wadudu walio chini ya jani, sijui kamera ndogo inayofaa zaidi.

Betri, kadi na umeme

Kamera ndogo ina betri ndogo. GR III inakadiriwa kupiga picha 200 tu kwa chaji moja. Nunua betri ya pili siku hiyohiyo, na pendelea kamera inayochajiwa kwa waya wa USB, ili umeme ukikatika utumie pawabenki ileile ya simu.

Kadi ya kumbukumbu usiinunue kwa sababu ya urahisi wa bei. Kadi bandia huandikwa ukubwa ambao hazina, na picha zinazozidi hupotea bila onyo. Ukishanunua, ijaze yote kwa faili za kujaribia kisha zifungue kwenye kompyuta. Kama umenunua kamera ya zamani sana, uliza kwanza kama inasoma kadi zinazozidi GB 32, kwani baadhi hazisomi.

Mpya au iliyotumika?

GR III ilitoka ikiwa na bei ya dola 899 na X100VI dola 1,599, kabla ya usafiri na ushuru. Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na si vibaya: kamera nzuri ya mwaka 2014 bado ni nzuri. Iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au mzigo wa ndugu anayetoka Dubai, ikague hivi.

Iwashe na uizime mara kumi ukisikiliza. Mlio wa kusaga ni mchanga ndani ya lenzi, na hapo iache. Fumba tundu hadi f/11 au f/16, piga karatasi nyeupe, uikuze kwenye skrini: madoa meusi yanayorudi mahali palepale ni vumbi kwenye sensa. Mulika lenzi kwa tochi ya simu uangalie kama kuna utando kama wa buibui, hilo ni kuvu. Toa betri uone kama imevimba au viunganishi vina kutu. Piga picha moja gizani, moja kwa flashi kama ipo, kisha tazama pembe zote nne za picha kama zimekolea sawasawa. Fungua menyu uangalie lugha: kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na Kijapani peke yake, na hakuna njia rahisi ya kubadilisha. Mwisho, dai risiti yenye namba ya kamera. Kamera isiyo na risiti inaweza kuwa ya wizi, na polisi hawatajali kwamba ulilipa.

Basi nani achukue ipi?

Mzazi anayetaka picha za watoto ndani ya nyumba na kwenye sherehe achukue Canon G7 X ya toleo la pili au la tatu. Ina flashi, inavuta kiasi, na skrini yake inainuka. Anayesafiri na kutaka vya mbali kwa kamera moja atazame Sony RX100 VI au VII, akikubali kwamba usiku zitamsumbua. Mwanafunzi wa uandishi wa habari na yeyote anayependa maisha ya mitaani achukue Ricoh GR, hata GR II ya mwaka 2015 iliyotumika, ambayo ina flashi ndani wakati GR III haina. Anayependa kuchungulia kwenye kidirisha badala ya skrini, na ambaye mkoba haumsumbui, achukue Fujifilm X100 ya toleo lolote analoweza kulipia. Na ambaye bajeti yake inatosha kamera ya sensa ndogo tu, namshauri kwa moyo wote abaki na simu na aendelee kuweka akiba.

Heshima kwanza

Kamera ndogo haionekani, na hilo lisiwe ruhusa ya kuiba sura za watu. Msalimie mtu, mwombe, na akikataa mshukuru uende zako. Kwa wanawake na watoto wa wenyewe, ruhusa ije kabla ya picha. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni sehemu ya taarifa zake. Usielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi, bandari, viwanja vya ndege wala vituo vya polisi bila kibali. Kamera ndogo haitakupunguzia kosa.

Baada ya kununua

Mwezi wa kwanza usibadilishe mipangilio ovyo. Chagua mmoja, ujifunze mahali pa kila kitufe hata gizani. Piga watu wako wa karibu kwanza, kwa sababu ndio utakaowahitaji miaka ijayo, na ndio watakaokuvumilia ukijifunza.

Kisha weka utaratibu wa kuhifadhi. Mali bila daftari huisha bila habari, na picha ni mali. Kila mwisho wa wiki hamisha picha kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili inayokaa nyumba nyingine. Kila mwezi chagua chache uzichapishe, na nyuma ya kila moja uandike kwa kalamu jina la mtu, mahali na mwaka. Nyingine wape wenyewe waliopigwa. Ukiona kwamba miezi mitatu imepita na hujachapisha hata moja, tatizo si kamera, kwa hiyo usikimbilie kununua nyingine: kaa na picha ulizonazo, zichague, uzipeleke kuchapishwa.